Geji ya Mafuta si Kipimo cha Safari

Mazungumzo na madereva, waendesha bodaboda na wasafiri wa Engaresero, Wilaya ya Ngorongoro



Tumezoea kusimama mbele ya wananchi tukiwa watoa mafunzo. Leo tunaanza kwa kukiri kosa, kwa sababu kosa lenyewe tulilifanya sisi, na tulilifanya katika njia hii hii mnayoipita kila wiki.

Katika safari yetu ya kwanza ya kuja kwenu tulipita Makuyuni hadi Mto wa Mbu, tukaiacha lami na kushika njia ya vumbi kuelekea kaskazini. Mto wa Mbu tulitazama mshale wa mafuta, tukauona umesimama juu kidogo ya nusu, tukaona inatosha. Tulipofika Engaruka tulimpakia mama aliyekuwa akirejea nyumbani kutoka hospitali na mtoto mchanga mgongoni. Tukaupita Mlima Kerimasi. Ol Doinyo Lengai ukiwa mbele yetu, gari likakohoa mara mbili, likazimika. Mshale ulikuwa bado unaonyesha robo ya tanki, na taa ya mafuta haikuwaka hata mara moja.

Tulikaa pale tangu saa nane mchana mpaka giza likaingia. Maji tuliyokuwa nayo tulimwachia yule mama. Aliyetuokoa ni kijana wa bodaboda aliyetukuta njiani na kukubali kurudi Engaruka kutuletea petroli. Kabla hajaondoka alifungua kifuniko cha tanki lake, akachungulia, akatikisa pikipiki, akasikiliza, akatuambia, “Nitafika na kurudi.” Tulipomuuliza geji yake inasomaje, alicheka. Alisema, “Geji yangu ilikufa siku nyingi, wazee wangu. Mimi nahesabu.”

Jibu hilo ndilo tulilowaletea leo. Kijana aliyekuwa na geji mfu alikwenda na kurudi salama, nasi tuliokuwa na geji hai tulilala njiani. Geji iliyokufa humfanya mtu ahesabu. Geji inayodanganya humwondolea hata wazo la kuhesabu. Kwa hiyo mafunzo yetu yote yanaweza kufupishwa katika sentensi moja: mshale ni dalili ya mafuta yaliyomo ndani ya tanki, wala si kipimo chake, na mwenye safari ndefu hasafiri kwa dalili peke yake.

Jinsi geji inavyofanya kazi

Ndani ya tanki la mafuta kuna boya dogo, ambalo mafundi wengi huliita floti. Boya hilo huelea juu ya mafuta, nalo limefungwa kwenye mkono mwembamba wa chuma. Mafuta yakipanda, mkono hupanda, yakishuka, hushuka. Katika magari mengi, upande wa pili wa mkono huo una ncha inayosugua kibao chenye njia za umeme. Kila sehemu ya kibao huupinga umeme kwa kiasi chake, na dashibodi huutafsiri upinzani huo kuwa mahali pa mshale.

Tukiuelewa mpangilio huo, tunaelewa pia kwa nini mshale hukosea hata gari likiwa zima kabisa. Kwanza, boya hupima kina cha mafuta mahali lilipo, wala halipimi ujazo wa tanki zima. Matanki ya magari ya siku hizi hayana umbo la sanduku. Yamepinda ili kuupisha mtaimbo na bomba la moshi, na mengine yana vyumba viwili. Kwa hiyo nusu ya chini inaweza kubeba mafuta machache kuliko nusu ya juu. Ndiyo maana madereva wengi husema kwamba mshale hutembea polepole kutoka kujaa hadi nusu, kisha huanguka kwa haraka.

Pili, mafuta hufuata mwinamo. Gari linapoupanda ukuta wa Bonde la Ufa kutoka hapa kuelekea Sonjo, mafuta hukimbilia nyuma, nalo boya huweza kupanda au kuzama kulingana na upande lilipowekwa. Usomaji wa mshale katika kona za mlima ule hauna maana yoyote. Msome mshale gari likiwa limesimama mahali tambarare.

Tatu, watengenezaji hutuliza mwendo wa mshale makusudi, ili usicheze kila mafuta yanapotikisika. Utulivu huo una gharama: mshale huchelewa kueleza kilichotokea. Mtu huongeza lita tano, akauona mshale haujasogea, akaanza ugomvi na muuzaji. Tutalirudia jambo hilo baadaye.

Juu ya kasoro hizo za kuzaliwa, ziko kasoro za uzee. Ncha inayosugua kibao hulika. Njia mbovu hulegeza mkono wa boya au kuupinda. Boya lenyewe hupasuka, likaingia mafuta, likazama. Basi mshale huonyesha tanki tupu wakati limejaa. Waya zikilika, upinzani hubadilika. Ninyi mnaoishi kando ya Ziwa Natron mnajua jinsi vumbi la magadi linavyoshika kila kitu. Vumbi lenye chumvi likipata unyevu huharakisha kutu kwenye viungio vya waya vilivyo chini ya gari.

Hata mafuta yenyewe yanaweza kuiharibu geji. Mwezi Mei 2004, katika majimbo ya kusini mwa Marekani, petroli yenye salfa iliyozidi iliuzwa katika mamia ya vituo. Salfa hiyo ilishambulia viungio vya fedha vilivyomo katika vipimaji vya mafuta, na geji za magari mengi zikaanza kusoma uongo. Mauzo yalisimamishwa, na kampuni iliyohusika ikakubali kugharimia matengenezo. Tunalitaja tukio hilo ili msidhani kwamba geji mbovu ni msiba wa magari makuukuu peke yake. Gari jipya lililotiwa mafuta mabaya linaweza kupoteza ukweli wake kwa muda mfupi.

Taa ya onyo na kilometa zilizobaki

Wengi wetu tunasema, “Mshale unaweza kukosea, lakini taa ikiwaka nitajua.” Tulisema hivyo hivyo.

Katika magari mengi taa ya mafuta hupata habari zake kutoka kwa boya lile lile linalousogeza mshale. Boya likikwama juu, mshale na taa hudanganya pamoja. Kwa hiyo taa haipaswi kuchukuliwa kuwa shahidi wa pili. Mara nyingi ni shahidi yule yule aliyevaa nguo nyingine.

Tena, taa inaweza kuwa imeungua. Kuna njia rahisi ya kuikagua. Fungua swichi bila kuwasha injini, utazame dashibodi. Katika magari mengi taa za tahadhari huwaka kwa muda mfupi ili kuonyesha kwamba ni nzima. Kama kitabu cha gari lako kinasema taa ya mafuta ni mojawapo ya hizo, nayo haiwaki, usisafiri kwa kuitegemea mpaka fundi ameitengeneza.

Magari mapya zaidi huandika kwenye dashibodi idadi ya kilometa zilizobaki kabla ya mafuta kwisha. Tarakimu hizo zinapendeza, lakini zinahitaji tahadhari kubwa kuliko mshale. Kompyuta ya gari huchukua mafuta inayodhani yamo, kisha huzidisha kwa mwendo wa karibuni. Hukumbuka njia uliyotoka, wala haijui njia unayoiendea.

Tuchukue mfano. Gari dogo la abiria limetoka Arusha kwa lami, likitumia lita moja kwa kilometa 10. Likifika Mto wa Mbu limebakiwa na lita 14, na dashibodi inaandika kilometa 140. Dereva anajua kwamba kutoka pale hadi Engaresero ni zaidi ya kilometa 100, anaridhika, anaondoka. Lakini katika mchanga, makorongo na mawe, gari hilo hilo huenda likatumia lita moja kwa kilometa 6. Lita 14 mara 6 ni kilometa 84. Mafuta yatakwisha kabla ya kijiji kuonekana. Dashibodi haikukosea hesabu yake, ilikosea njia.

Daftari la gari

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Mafuta ni mali, tena ni mali inayotoweka bila kuonekana. Tunawashauri kila mwenye gari awe na daftari dogo ndani ya gari, lenye safu tatu: kilometa zinazosomeka kwenye dashibodi, lita zilizoongezwa, na aina ya njia iliyopitwa. Daftari hilo litakupa mambo matatu ambayo mshale hauwezi kukupa.

La kwanza ni ulaji halisi wa gari lako. Jaza tanki mpaka pampu ijifunge yenyewe, andika kilometa. Safiri, kisha rudi ujaze tena, ikiwezekana kwa pampu ile ile na gari likiwa mahali pale pale. Gawanya kilometa ulizokwenda kwa lita zilizoingia mara ya pili. Fanya hivyo mara tatu kwa njia ya lami, na mara tatu kwa njia ya vumbi. Utapata namba mbili. Zijue kama unavyojua umri wa wanao.

La pili ni kiasi kinachobaki taa inapowaka. Kwa magari mengi madogo kiasi hicho ni kati ya lita 5 na 10, lakini la kwako lina namba yake. Ipime ukiwa karibu na kituo cha mafuta, kamwe usiipime porini. Taa ikiwaka, ingia kituoni ujaze. Kama kitabu cha gari kinasema tanki hubeba lita 60, na zimeingia lita 52, basi taa iliwaka zikiwa zimebaki lita 8. Kwa ulaji wa kilometa 6 kwa lita, hizo ni kilometa 48, wala usipange kuzitumia zote, kwa kuwa pampu huenda isiweze kuyavuta mafuta ya mwisho yaliyo chini kabisa.

La tatu ni mafuta ya safari. Tukadirie kwamba kwenda Mto wa Mbu na kurudi ni kilometa 210. Kwa ulaji wa kilometa 6 kwa lita, safari inahitaji lita 35. Ongeza theluthi, yaani lita 12, kwa ajili ya korongo lililofurika linalokulazimisha kuzunguka, mchanga unaokunasa, au mgonjwa anayekuomba umrudishe ulikotoka. Jumla ni lita 47. Dereva anayeondoka na lita 47 kwa hesabu yake mwenyewe anaweza kuuacha mshale useme unavyotaka.

Wenye magari makubwa ya kubeba wageni wana jambo la ziada. Baadhi ya magari hayo yana matanki mawili na geji moja, pamoja na swichi ya kuchagua tanki linalosomwa. Dereva aliyesahau swichi iko upande gani husoma utajiri wa tanki moja huku akiitumia akiba ya jingine. Anayekabidhi gari kwa mwenzake amweleze hali ya matanki yote mawili, na iandikwe kwenye daftari.

Vijana wa bodaboda mna bahati ambayo wenye magari hawana: tanki lenu mnaweza kuliona ndani. Chungulieni mchana, kwa jua. Usiku tumieni tochi, nayo iwe mbali na mdomo wa tanki. Kiberiti na sigara visikaribie kabisa. Pikipiki nyingi pia zina koki yenye sehemu ya akiba. Koki hiyo ni msaada mkubwa, ila humdhuru aliyeisahau. Aliyeihamishia kwenye akiba jana na asiirudishe baada ya kujaza, leo hana akiba yoyote, ingawa anadhani anayo.

Ununuzi na matengenezo

Turudi kwenye gari letu lililozimika. Fundi alipolifungua tanki alikuta boya lisilo la gari lile. Lilikuwa limetolewa kwenye gari la aina nyingine, likakatwa na kuunganishwa ili lienee. Mkono wake ulikuwa mfupi, hivyo haukuweza kushuka mpaka chini. Ulipofika mwisho wa uwezo wake, mshale ulisimama kwenye robo, na hapo ungesimama milele.

Kosa la namna hiyo limewahi kuua watu. Agosti 6, 2005, ndege ya shirika moja la Tunisia, aina ya ATR 72, iliishiwa mafuta ikiwa angani, ikaangukia baharini karibu na kisiwa cha Sicily nchini Italia. Kati ya watu 39 waliokuwamo, 16 walifariki. Uchunguzi ulionyesha kwamba siku moja kabla, geji ya mafuta ya ndege hiyo ilibadilishwa, na iliyofungwa ilikuwa ya ATR 42, ndege ndogo kuliko hiyo. Vifaa hivyo viwili vinafanana kwa umbo na viliingia mahali pamoja. Rubani alisoma mafuta ambayo hayakuwamo.

Kwa hiyo, ndugu zetu, kifaa kinachoenea si lazima kiwe kifaa kinachofaa. Unapopeleka gari kwa fundi, uliza kipima mafuta anachofunga ni cha gari gani na cha mwaka gani. Omba kuoneshwa kifaa cha zamani na kipya vikiwa pamoja. Omba risiti yenye jina la kifaa, kazi iliyofanywa na tarehe. Kisha kabla ya kulipa fedha yote, fanya jaribio: mshale usomwe tanki likiwa na lita chache zinazojulikana, ziongezwe lita 10, usomwe tena baada ya muda. Fundi mwaminifu hatakasirika.

Anayenunua gari lililotumika naye ana maswali yake. Magari mengi yanayoingia nchini yametumika nje kwa miaka mingi. Yaliyotoka Uingereza huwa na dashibodi inayosoma maili, na maili moja ni takriban kilometa 1.6, asiyelijua hilo hukosea hesabu zote tulizozieleza. Liendeshe gari kabla ya kununua, ukiwa na mafuta machache, uone kama taa inawaka. Muuzaji akikuambia geji ni nzima, mwambie aandike hivyo kwenye mkataba. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji kuhusu ubora au hali ya bidhaa, na Tume ya Ushindani ndiyo inayoisimamia. Malalamiko yenye maandishi yana miguu ya kusimamia. Maneno ya kwenye uwanja wa magari hupeperuka.

Kituoni

Tuliahidi kurudi kwenye ugomvi wa mteja na muuzaji wa mafuta. Mara nyingi tunapokea mtu mwenye hasira anayesema, “Nimelipia lita 10, mshale haukupanda hata nywele. Nimeibiwa.” Huenda ameibiwa kweli. Lakini mshale hauwezi kuthibitisha hivyo, kwa sababu zote tulizozitaja. Geji ya gari haikuhakikiwa na mtu yeyote. Pampu ya kituo inapaswa kuwa imehakikiwa.

Wakala wa Vipimo ndio wenye kazi ya kuhakiki pampu za mafuta nchini. Hupima kwa chombo chenye ujazo unaojulikana, kisha huweka stika na lakiri. Kabla ya kuwekewa mafuta, tazama kama stika ipo na kama muda wake haujapita. Hakikisha pampu inaanza na sifuri. Taja lita au fedha kwa sauti. Dai risiti, uitunze ndani ya daftari lako. Ukiwa na risiti tano na daftari lenye kilometa, na ukaona kwamba mafuta ya kituo kimoja hukufikisha pungufu mara kwa mara kuliko ya vingine kwa njia ile ile, hapo una jambo la kuupelekea Wakala wa Vipimo ili wakapime. Wewe leta hesabu, wao watalete chombo.

Tahadhari moja. Kama tanki lako ni la lita 55 na pampu imeandika 57, usikimbilie kupiga kelele. Shingo ya tanki na nafasi ya hewa iliyo juu huweza kupokea zaidi ya ujazo ulioandikwa kwenye kitabu. Tofauti ndogo si ushahidi. Tofauti kubwa inayojirudia ndiyo ya kuripoti.

Kuhusu bei, Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji, yaani EWURA, hutangaza kila mwezi bei kikomo za petroli, dizeli na mafuta ya taa kwa kila eneo. Muuzaji haruhusiwi kuizidi bei hiyo. Mwenye malalamiko aanze kwa mtoa huduma, na asiporidhika ayafikishe EWURA. Lipo pia Baraza la Ushauri la Watumiaji, EWURA CCC, linalosimama upande wa mtumiaji na kumwelekeza.

Nanyi mnaonunua petroli ya chupa kando ya njia, tunajua hamfanyi hivyo kwa kupenda. Umbali huwalazimisha. Lakini mjue mnachokikosa. Chupa haina stika ya Wakala wa Vipimo, haina risiti, na hakuna ajuaye kilichochanganywa ndani yake. Anayeikumbuka hesabu ya theluthi ya akiba hataihitaji mara nyingi.

Usalama wa mafuta ya akiba, na gari likizimika

Wapo watakaosema, “Basi nitabeba dumu.” Katika safari za mbali ni kweli kwamba akiba inaweza kuokoa maisha, lakini petroli iliyobebwa vibaya huyaondoa. Chombo kiwe maalumu kwa mafuta, kifuniko kikaze, kisijazwe mpaka mdomoni kwa kuwa mafuta hutanuka kwa joto. Kifungwe nje ya sehemu ya abiria. Kisiwekwe kamwe miguuni mwa mtoto au chini ya kiti cha mama. Usinyonye mafuta kwa mdomo. Petroli ikiingia mapafuni inaweza kuua. Hatujasahau Msamvu, Morogoro, Agosti 10, 2019, ambako watu zaidi ya 100 walipoteza maisha baada ya lori la mafuta kupinduka na kulipuka. Mvuke wa petroli hauonekani, na hauhitaji moto mkubwa.

Gari likizimika kwa kukosa mafuta, liondoe njiani kama linaweza kusukumwa, weka pembetatu mbele na nyuma. Usiendelee kuzungusha starta. Katika magari mengi ya petroli, pampu iliyo ndani ya tanki hupozwa na mafuta yenyewe; ikizungushwa kavu huungua. Katika magari ya dizeli, hewa huingia kwenye mabomba, na hata ukiongeza mafuta injini nyingi hazitawaka mpaka hewa itolewe kwa pampu ya mkono. Dereva wa dizeli ajifunze kazi hiyo kwa fundi wake kabla haijamkuta porini. Abiria wakae kwenye kivuli karibu na gari, maji yagawanywe kwa kuanza na watoto na wagonjwa, na asitoke mtu kwenda kwa miguu peke yake.

Ombi letu

Tuna ombi moja kwa kijiji hiki. Kila jamii iliyo mbali na hospitali ina gari au pikipiki ambayo watu huikimbilia usiku mama anaposhikwa na uchungu au mtoto anapopata degedege. Huenda ni ya mtu binafsi, ya kambi ya wageni, au ya ofisi. Tunaomba chombo hicho, kwenu, kiwe na daftari kama tulivyoeleza, na wenyewe mkubaliane kwamba mafuta yake hayashuki chini ya kiasi cha kumfikisha mgonjwa hospitalini, pamoja na theluthi ya akiba. Kiasi hicho kiandikwe kwa lita, kisiandikwe kwa mshale. “Robo ya tanki” ilitulaza sisi porini; lita 20 zilizohesabiwa zingetufikisha.

Abiria nanyi mna haki. Anayepanda gari la kulipia anaweza kumuuliza dereva, kwa adabu, “Umeweka lita ngapi, na wapi?” Dereva anayejua hesabu yake atajibu mara moja. Anayejibu kwa kuonyesha dashibodi kwa kidole, mwambieni habari zetu.

Yule kijana wa bodaboda alirejea saa mbili usiku akiwa na petroli. Tulipotaka kumlipa zaidi, alikataa, akataka bei ya mafuta na ya safari peke yake. Kisha alichungulia tena tanki lake, akahesabu kwa vidole, akaondoka. Mama na mwanawe tuliwafikisha nyumbani, na mtoto alikuwa amelala. Tangu siku ile magari yetu yote yana daftari.